Maziwa yamepungua na uko kwenye mlo wa kukata vyakula? Mwongozo kamili kutoka Nairobi

Nianze na vile nilijipata hapa. Kijana wangu wa pili alikuwa na wiki 7, nguo za kazi zilikuwa hazifungi, nikaamua kuanza ule mlo wa siku 30 wa Wamarekani unaoitwa Whole30. Sheria zake kuzisema ni rahisi, kuishi nazo ndio shughuli: hakuna sukari, hakuna nafaka yoyote, hakuna maharagwe na jamii yake, hakuna maziwa ya ng'ombe, hakuna pombe. Nyama, samaki, mayai, mboga, matunda, viazi, nazi, hizo kula. Sasa kama umelelewa hapa kwetu hebu soma hiyo orodha tena polepole. Uji wa wimbi umeenda. Ugali umeenda. Chai ya maziwa imeenda. Njahi (zile maharagwe nyeusi), ambazo mama mkwe alitoka nazo Murang'a kwa kamfuko amekakumbatia kwa mathree njia yote, nazo zimeenda. Yaani kila kitu ambacho mama zetu hulisha mtu aliyejifungua ndicho hicho mlo umekataza, na mimi nilikuwa naona ni sawa tu ju si nakula mboga.

Siku ya 10 hivi jioni mtoto ananyonya analia, ananyonya analia, matiti yamelala kama ile mifuko ya plastiki ya zamani kabla ipigwe marufuku. Mama mkwe akasema ni njahi nimekataa. Alikuwa karibu na ukweli kuliko mimi, ingawa sio kwa sababu aliyofikiria. Njahi hazina uchawi wa kuleta maziwa. Zilikuwa zinaleta chakula kingi kwa sufuria moja, mimi nikatoa hicho chakula na sikuweka kingine mahali pake.

Kwa hivyo huu mwongozo una mpangilio na naomba usiuruke: kwanza jua kama kweli yamepungua, alafu maziwa yatoke kwa titi mara nyingi zaidi, alafu ule vya kutosha ndani ya sheria za mlo wako. Mambo ya mimea na vidonge ni mwisho kabisa.

Hatua ya 1: Kweli yamepungua?

Wengi huruka hapa, wanakimbia kununua maziwa ya mkebe kwa shida ambayo haiko. Titi kuwa laini sio dalili. Kati ya wiki ya 6 na mwezi wa 3 mwili unakuwa umejua mtoto anataka kiasi gani, ule ugumu na kuvuja kila saa unaisha, ni kawaida. Kukamua na pampu upate mililita 30 pia sio dalili, pampu sio mtoto, kuna wanawake wana maziwa tele na pampu haiwatoi kitu. Na mtoto kutaka titi kila nusu saa kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tatu usiku, hiyo ni tabia ya watoto wachanga, inazidi karibu wiki ya 3, ya 6 na mwezi wa 3 wakati wanakua kwa kasi.

Angalia vitu viwili, kinachotoka na uzito. Kuanzia siku ya 5 mtoto anafaa kulowanisha nepi 6 au zaidi kwa saa 24 na mkojo usiwe wa rangi iliyokolea. Pampas zinadanganya kwa sababu zinafyonza kila kitu, kwa hivyo chukua moja safi umwage ndani vijiko vikubwa 3 vya maji, uishike uone uzito wake, basi hiyo ndiyo pampas iliyolowa. Choo wiki za mwanzo ni mara 3 au 4 kwa siku lakini baada ya wiki 6 hivi mtoto wa titi anaweza kukaa siku kadhaa bila kwenda na hana shida yoyote, usihesabu choo peke yake.

Uzito ndio hauna maneno mengi. Beba kijitabu cha kliniki, mpime bila nguo, mizani ile ile kila wiki. Mtoto anafaa kurudi kwa uzito wa kuzaliwa akifika wiki 2, alafu aongeze kama gramu 20 hadi 30 kwa siku miezi 3 ya kwanza. Wangu alikuwa ameongeza gramu 90 kwa wiki nzima wakati angefaa kuwa na 140 kwenda juu, na hapo nikajua si hofu yangu tu.

Kuna hali hutakiwi kukaa hapa unasoma. Mtoto amelegea na hataki kuamka kunyonya, nepi zimekuwa 2 au 3 kwa siku, mdomo umekauka, utosi umezama, ama ana joto la 38 na hajafika miezi 3. Nenda hospitali saa hii, haya mengine yatangoja.

Hatua ya 2: Toa maziwa ili yaje maziwa

Titi linafanya kazi kama kioski. Kikiuza mkate wote asubuhi, kesho mwenye kioski ataagiza mwingi, ukibaki kwa rafu ataagiza kidogo. Maziwa yakikaa ndani ya titi yenyewe hupeleka ujumbe kwamba kazi ipunguzwe. Hakuna chakula kinaweza kushinda huo ujumbe, hata ule ng'ombe mzima.

Mtoto mdogo anafaa kunyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24. Nilipoandika kwa karatasi nikakuta wangu ananyonya mara 6, ju nilikuwa nimemzoesha dami ya mdomo (ile chuchu ya plastiki) ili nipike hizo saladi zangu. Nikaitupa kwa droo. Kama analala sana muamshe kila baada ya saa 2 au 3 mchana, na usiku usipitishe saa 4. Usiku usiruke kabisa. Prolaktini, ile homoni ya kutengeneza maziwa, huwa juu kati ya kama saa saba usiku na alfajiri, na mama wengi ndio wakati huo wanampa baba chupa ili walale. Nakuelewa, lakini kwa wiki hii moja amka.

Alafu angalia vile anashika. Mdomo uwe wazi kama anapiga miayo, mdomo wa chini umekunjuka nje, kidevu kimegusa titi, na eneo jeusi linaonekana zaidi juu kuliko chini. Usikie akimeza. Ukisikia mlio wa tk tk na mashavu yanaingia ndani, ama chuchu inatoka imebanwa kama lipstiki, hashiki vizuri, mtoe kwa kuweka kidole pembeni ya mdomo uanze tena. Ukijaribu siku mbili na bado unaumia tafuta nesi wa kunyonyesha amuangalie, pamoja na kamba ya chini ya ulimi kama imekaza. Mimi nesi mmoja aliniambia tu nimuongezee fomula bila hata kuniomba nimnyonyeshe mbele yake. Ukikutana na wa hivyo tafuta mwingine.

Akianza kuzubaa kwa titi, lifinye polepole kwa mkono mzima maziwa yashuke, akiacha tena mbadilishe upande, alafu umrudishe upande wa kwanza. Mkae ngozi kwa ngozi, yeye na nepi tu, wewe bila blauzi, blanketi juu. Maziwa kushuka kunataka homoni nyingine, oksitosini, na hiyo haipendi kelele na wasiwasi, ndiyo maana ukikamua ukiangalia chupa imejaa wapi hakuna kitu inatoka. Funika chupa na soksi. Nacheka lakini inasaidia.

Sasa pampu. Kila siku mara moja, kwa siku 3 hadi 7, tenga saa moja: kamua dakika 20, pumzika 10, kamua 10, pumzika 10, kamua 10. Hiyo inaiga mtoto anayekua kwa kasi. Usitarajie kitu siku ya kwanza, mi nilipata matone nikataka kulia, ilianza kuonekana siku ya 4. Hakikisha faneli ya pampu inatoshea chuchu, ikiwa kubwa sana ama ndogo inaumiza na haitoi. Huna pampu, ama stima imepotea kama kawaida, mkono unatosha. Nawa, weka kitambaa cha moto kidogo, kidole gumba juu na vingine chini umbo la C kama sentimita 3 kutoka kwa chuchu, sukuma nyuma kuelekea kifua, alafu bana pamoja, achilia, rudia, zungusha mkono. Usivute chuchu. Maziwa uliyokamua yanakaa nje kwa saa 4, kwa friji siku 4, kwa friza miezi 6, na hii ya friza inategemea stima haijapotea siku mbili mtaani kwenu.

Hatua ya 3: Kula, na kula kwa hesabu

Mama anayenyonyesha anahitaji kama kalori 330 hadi 500 zaidi ya zile alikuwa anakula kabla ya mimba, na mkishuka chini ya 1,800 hivi kwa siku wengi wenu mtaanza kuona shida, kama si kwa maziwa basi kwa mwili wako. Nilikaa chini nikahesabu siku yangu moja ya mlo: chai nyeusi kavu, mayai 2, saladi, kipande cha samaki na sukuma, tunda. Haikufika 1,200. Nilikuwa nashiba sana, na hapo ndio kuna mtego, mboga zinajaza tumbo na kalori hazina, unaamka mezani umeshiba kumbe uko na njaa.

Kwa hivyo usijaribu kuongeza mboga, ongeza wanga na mafuta. Wanga unaoruhusiwa uko mwingi sokoni kuliko watu wanavyodhani: nduma, viazi vitamu, viazi vya kawaida, matoke, mihogo, malenge. Kila mlo, na simaanishi vipande viwili vya kupamba sahani, naongea sahani nusu. Mafuta nayo ni rahisi zaidi ju hayachukui nafasi tumboni. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ni kama kalori 120, parachichi moja la kawaida ni kama 240, yai kubwa ni kama 70. Fanya hesabu, parachichi moja na mayai mawili juu ya ulichokuwa unakula, tayari umeziba pengo la kunyonyesha karibu lote. Tui la nazi kwa mboga, samli kwa nduma (hiyo inaruhusiwa ingawa imetoka kwa maziwa), simsim ya kusaga, korosho. Karanga hapana kwa huo mlo kwa sababu ziko upande wa maharagwe, sheria ambayo mi naona ni ya kutafuta makosa tu lakini ndivyo ilivyo.

Siku yangu baada ya kurekebisha ilikuwa hivi. Asubuhi mayai 3 na samli, nduma vipande viwili vikubwa, parachichi nusu. Saa nne ndizi na kiganja cha korosho nikiwa nanyonyesha. Mchana omena za nyanya na tui, matoke yamejaa, managu. Saa kumi kiazi kitamu cha jana baridi na tende. Jioni kuku kienyeji wa mchuzi na viazi, na mboga zimepikwa na mafuta ya kuonekana. Kando ya kitanda yai la kuchemsha na ndizi ya usiku wa manane, ju njaa ya kunyonyesha saa nane usiku si njaa ya kawaida. Nduma nilikuwa nachukua Marikiti asubuhi na mapema, omena Gikomba, zingine kwa mama mboga. Usinunue vitu vya maduka ya afya, mlo wenyewe tayari ni ghali.

Omena usiziruke. Ukishaacha maziwa ya ng'ombe, kalsiamu inatoka wapi? Unahitaji kama miligramu 1,000 kwa siku na mwili usipopata utachukua kwa mifupa yako uweke kwa maziwa, mtoto hatakosa, wewe ndio utakosa. Omena unakula na mifupa yake, simsim na mboga za kienyeji zinaongezea.

Kitu kingine watu hawafikirii ni chumvi. Hapa Kenya chumvi ya kawaida ya dukani inawekwa ayodini kisheria. Hizi chumvi za pinki ambazo watu wa mlo safi wanazipenda mara nyingi hazina, na mama anayenyonyesha anahitaji kama mikrogramu 250 za ayodini kwa siku, kwake na kwa ubongo wa mtoto. Rudi kwa chumvi ya bei rahisi. Na kama mlo wako umekata pia nyama, mayai na samaki, lazima utumie kidonge cha vitamini B12, hapo hakuna mjadala.

Supu ya mifupa, ndio najua. Ni nzuri, inaleta maji na chumvi na inatuliza roho, lakini supu nyepesi peke yake kalori hakuna. Tia viazi ndani na uache mafuta yaelee.

Sasa hii naomba isome mara mbili. Usishushe wanga karibu na sifuri ukiwa unanyonyesha. Titi linachukua sukari yako kutengeneza maziwa, na ukikosa wanga kabisa ama ukikaa na njaa, hasa ukiwa mgonjwa au umefunga, damu inaweza kujaa asidi. Ni nadra lakini madaktari wameiona kwa mama wanaonyonyesha walio kwa mlo wa aina hiyo. Dalili ni kichefuchefu, kutapika, tumbo kuuma, kuhema haraka, kiu na uchovu usio wa kawaida. Ukiona hizo kula kitu chenye wanga na uende hospitali siku hiyo hiyo, uwaambie unanyonyesha na unakula nini, ju sukari yako inaweza kuwa ya kawaida wakakosa kufikiria.

Maji kunywa ukisikia kiu, weka kikombe kila mahali unaponyonyeshea. Kujilazimisha lita tano hakuongezi maziwa. Chai nyeusi kali usinywe pamoja na chakula kama damu yako iko chini, inazuia madini ya chuma.

Hatua ya 4: Kama umefanya hayo na bado

Wiki moja imeisha, unanyonyesha mara 10, unakula, na uzito haupandi. Hapo tafuta sababu ya mwili. Ulipoteza damu nyingi wakati wa kujifungua? Bado unatoka damu ama kuna kipande cha kondo kilibaki? Una shida ya thairoidi (tezi ya shingoni), PCOS (shida ya homoni na ovari), ulifanyiwa upasuaji wa matiti, ama matiti hayakubadilika kabisa kwa mimba? Mwambie daktari, omba damu ipimwe. Angalia pia dawa. Vidonge vya kupanga uzazi vyenye estrojeni vinapunguza maziwa, omba vile vya projestini peke yake, bila estrojeni. Dawa za mafua zenye sudoefedrini pia, kwa pakiti utaona neno linaanza na p-s-e-u-d-o.

Uwatu, ile methi ya maduka ya Wahindi na Wasomali, watu wengi wanaapa nayo lakini ushahidi wake ni hafifu. Inaweza kushusha sukari ya damu, inagongana na dawa za kupunguza kuganda kwa damu, na mtu wa mzio wa karanga akae mbali. Na ni jamii ya maharagwe, kwa hivyo angalia kama mlo wako unairuhusu. Mlonge ni mboga, kula tu, kama utasaidia vizuri. Domperidoni ni ya daktari, usinunue kwa kemisti kwa ushauri wa rafiki, ina shida na moyo kwa watu wengine.

Mtoto akihitaji kuongezewa mpe, mtoto mwenye njaa hana nguvu ya kunyonya na hapo unapoteza zaidi. Titi kwanza, alafu nyongeza kwa kikombe au chupa ya polepole, alafu kila mara umempa nyongeza unakamua. Ukiruka hilo la kukamua, ule ujumbe wa kioski unaenda kwa titi. Maji na gripe water usimpe, tumbo lake ni dogo na hajafika miezi 6.

Kazini

Likizo ya uzazi kwa sheria ya ajira ya 2007 ni miezi 3, na kawaida shida ya maziwa hurudi hapo hapo unaporudi ofisini. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri awe na chumba cha kunyonyesha, kisiwe choo, na akupe muda wa kukamua hadi saa moja kwa kila saa 8 za kazi, mbali na lunchi. Andika barua kabla urudi. Kamua kila baada ya saa 3, na usibebe saladi, beba nduma na mayai.

Mlo wenyewe uendelee ama uishe?

Jipe wiki moja ya kufanya haya yote ndani ya mlo, umpime mtoto. Uzito ukipanda, endelea. Usipopanda, toa mlo, sio mtoto. Zile sheria za ukikosea siku moja anza upya kutoka siku ya kwanza hazikuandikwa zikimfikiria mtu wa kunyonyesha. Mi wiki ya kwanza ya marekebisho kijana aliongeza gramu 170, lakini kupika hivyo kila siku na mtoto mgongoni kulinishinda, siku ya 19 nikarudisha uji wa wimbi, siku tatu baadaye njahi, na maziwa ya ng'ombe nikaacha ya mwisho nikiangalia ngozi na choo chake. Rudisha kimoja kimoja hivyo, siku tatu tatu. Ila kama uliacha maziwa ya ng'ombe kwa sababu daktari alisema mtoto ana mzio wa protini yake, hiyo usiirudishe bila yeye.

Na pampu ya ile saa moja usiiache siku moja ghafla ukiona mambo yameiva. Punguza dakika kumi kila siku mbili, ukipima uzito Jumatatu kama kawaida.